Ninacholipia Ninapokata Tiketi ya Mchezo

Kwa miaka tisa sasa nimekuwa na daftari dogo ambamo huandika kila mchezo wa kuigiza nilioutazama jijini Nairobi, ukumbi ulikochezewa, na fedha zote nilizotumia tangu nilipofunga mlango wa nyumba yangu mtaani Umoja hadi nilipoufungua tena usiku. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Sikusomea sanaa za maonyesho, wala sina jamaa katika kikundi chochote cha maigizo wa kunipa tiketi za bure, kwa hiyo maoni yangu ni ya mtu anayelipa kiingilio kutoka kwenye mshahara wake, akaketi, akatazama, kisha akarudi kwake akijiuliza kama fedha zile zimefanya kazi.

Ukurasa unaoniuma zaidi katika daftari hilo ni wa Ijumaa moja ya mwaka jana. Mchezo ulitangazwa kuanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Niliomba ruhusa nikatoka kazini mapema, nikapanda matatu kwa shilingi 80, nikafika mlangoni dakika ishirini kabla ya wakati, nikaonyesha ujumbe wa M-Pesa wa shilingi 1,500, nikaingia. Pazia lilifunguliwa saa mbili kasorobo, na hakuna aliyetoka kutueleza sababu wala kutuomba radhi. Waigizaji walipojitokeza, yule aliyepewa nafasi ya baba mwenye nyumba alisahau maneno yake mara nne nilizozihesabu, na kila aliposahau aliwatania watazamaji wa safu ya mbele, wakacheka, naye akapata muda wa kukumbuka alipokuwa amefikia. Taa zilikuwa nzuri mno. Palikuwa na mashine ya kutoa moshi, na skrini kubwa nyuma ya jukwaa ilionyesha picha za jiji wakati wa usiku. Mchezo uliisha saa nne, wakati ambao sithubutu kutembea peke yangu hadi stendi ya matatu, nikaita teksi kwa simu, shilingi 650. Ukiongeza chai na sambusa za shilingi 200, jioni ile ilinigharimu shilingi 2,430.

Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo vizuri, kwa sababu wenye vikundi wengi hudhani kwamba kuchelewa ni kosa la adabu tu. Mchezo ule ulichukua saa mbili na robo. Ungeanza kwa wakati, ungeisha saa tatu kasorobo, wakati barabara bado ina watu na makanga bado wanaita abiria, nami ningerudi nyumbani kwa nauli ile ile ya shilingi 80. Kuchelewa kwao kulinitoza shilingi 570 ambazo hazikumfikia mwigizaji hata mmoja. Nimewahi kuelezwa na msimamizi wa mlango kwamba husubiri watazamaji walionaswa kwenye msongamano wa Thika Road na Waiyaki Way. Naelewa shida hiyo, nami pia hunaswa. Lakini anayesubirishwa ni yule aliyejitahidi kufika mapema, na akishasubirishwa mara tatu hujifunza naye kuchelewa, na ndivyo saa kumi na mbili na nusu inavyogeuka kuwa saa mbili kwa mji mzima.

Baada ya ukurasa ule nilirudi nyuma katika daftari, mchezo baada ya mchezo, nikitafuta uhusiano kati ya bei na kuridhika kwangu. Sikuuona. Kuna michezo ya shilingi 2,500 iliyonipa furaha kubwa na mingine ya bei hiyo hiyo niliyotamani kutoka katikati, na kuna michezo ya shilingi 500 ambayo hadi leo nikiifikiria huona sura za waigizaji waziwazi. Kilichoitofautisha ni jambo moja ambalo haliandikwi kwenye bango lolote, nalo ni mazoezi. Nimefikia hatua ya kuamini kwamba mazoezi ndiyo bidhaa ninayoinunua, na kwamba vingine vyote, taa na maleba na moshi na skrini, ni vya kuifungia bidhaa hiyo.

Mtazamaji wa kawaida anaweza kuyatambua mazoezi bila kufundishwa. Tazama mwigizaji asiyesema. Katika mchezo uliofanyiwa mazoezi, yule aliyenyamaza anasikiliza, uso wake unabadilika kufuatana na anachoambiwa, na jibu lake linatoka kana kwamba limezaliwa papo hapo. Katika mchezo uliopikwa kwa haraka, aliyenyamaza anasubiri zamu yake tu, na unaweza kuona midomo yake ikiyapitia maneno yajayo. Tazama mikono. Kikombe kinapopitishwa kutoka kwa mke hadi kwa mume, je, mume anakipokea bila kukitazama, kama mtu aliyepokea kikombe hicho kwa miaka ishirini ya ndoa? Sikiliza kimya. Ni vikundi vichache vinavyothubutu kukaa kimya jukwaani kwa sekunde tano, kwa sababu kimya kinahitaji waigizaji wote kukubaliana kitakatizwa na nani na kwa nini. Na sikiliza sauti: mwigizaji aliyeandaliwa husikika hadi safu ya mwisho bila kipaza sauti shavuni, naye hapigi kelele.

Hapo ndipo nitakaposema jambo ambalo wapenzi wengi wa maigizo mjini hawatalikubali. Tiketi zilizonipa faida kubwa kuliko zote katika miaka hii tisa ni za michezo ya vitabu vya kutahiniwa, ile inayozungushwa katika kumbi na shuleni kwa ajili ya wanafunzi wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari. Watu wazima huidharau. Mimi pia niliidharau hadi mpwa wangu alipokuwa kidato cha tatu na akaniomba nimpeleke kuona Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Jumamosi asubuhi, kiingilio shilingi 300 kwa mwanafunzi na 400 kwa mtu mzima. Jukwaani palikuwa na viti viwili, mkeka, na kitanda kilichofunikwa shuka. Palikuwa na wanafunzi wengi kupita kiasi, wakila njugu na kuitana kwa majina. Kisha mama aliyeigiza Sara, yule mgonjwa, akaingia akitembea polepole kuelekea kwenye mkeka, akajaribu kuketi, maumivu yakamzuia, akasimama tena, akaushika ukingo wa kiti, akaketi. Hakuwa amesema neno. Ukumbi wote ulinyamaza. Mpwa wangu alinishika mkono na kuninong'oneza, "Mjomba, anatembea kama nyanya." Na kweli, alitembea kama marehemu mama yangu alivyotembea mwaka wake wa mwisho.

Nilikaa na swali hilo kwa muda mrefu: inawezekanaje kikundi kisicho na taa za maana, kinachotoza shilingi 300, kifanye jambo ambalo mchezo wa shilingi 1,500 umeshindwa kulifanya? Jibu nililolipata ni la kihesabu. Kikundi cha vitabu vya kutahiniwa hucheza mchezo ule ule mara nyingi sana katika muhula mmoja, leo Kiambu, kesho Machakos, keshokutwa mara mbili Nairobi. Yule mama alikuwa ameketi kwenye mkeka ule labda mara mia moja kabla sijamwona. Kila ukumbi ulimfundisha kitu, na kila mara wanafunzi walipopiga kelele alijifunza namna ya kuwanyamazisha bila kupaza sauti. Bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu watazamaji walikuwa wengi na safari zilikuwa nyingi, na wingi huo huo ndio uliokuwa mazoezi yake.

Sisemi kwamba michezo yote ya aina hiyo ni mizuri. Nimeona vikundi vinavyoingiza nyimbo za densi zisizohusiana na kisa, vinavyoruka onyesho zima kwa sababu basi la shule linataka kuondoka, na vinavyomgeuza kila mlevi na kila mwanasiasa kuwa kichekesho cha kuanguka anguka. Mwalimu anayelipia wanafunzi mia mbili ana haki ya kudai fedha zake pale ambapo maneno ya mwandishi yamebadilishwa, kwa sababu mtoto atayaandika maneno hayo kwenye mtihani. Hata hivyo, nikipiga hesabu ya kila shilingi, hao ndio wanaoongoza.

Sasa linganisha na desturi ya mjini. Kikundi hufanya mazoezi kwa majuma manne au matano, jioni, baada ya waigizaji kutoka kwenye kazi zao nyingine. Kisha mchezo huonyeshwa kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, pengine mara nne au tano kwa jumla, na Jumatatu umekufa. Mapambo yanabomolewa, waigizaji wanaanza kukariri mchezo mwingine. Hiyo ndiyo hasara kubwa ninayoiona katika maigizo yetu, kubwa kuliko bei yoyote ya tiketi: mchezo unafikia ukomavu wake siku ile ile unapozikwa. Nimewahi kuutazama mchezo mmoja Ijumaa na nikarudi kuutazama Jumapili, nikilipa mara mbili, kwa sababu nilitaka kuhakikisha jambo hili. Ijumaa walikuwa wanatafutana jukwaani. Wawili walisimama mbele ya mwenzao akiwa anasema jambo muhimu kuliko yote katika kisa. Jumapili walikuwa wamepata mwendo wao, dakika kumi na mbili zilikuwa zimepungua bila neno kukatwa, na vicheko vilikuja mahali ambapo Ijumaa palikuwa kimya. Kiingilio kilikuwa kile kile. Tangu hapo siendi tena Ijumaa, huenda Jumapili saa tisa alasiri, nikarudi nyumbani kwa matatu kabla giza halijakolea.

Kuhusu viti vya heshima vya safu ya mbele, ambavyo katika kumbi nyingine huuzwa kwa bei maradufu, sioni sababu ya kuvinunua. Aliyeketi karibu mno na jukwaa huona jasho na viatu, na shingo humuuma. Safu ya tano au ya sita, katikati, inatosha.

Wengine wataniambia kwamba haya yote ni kwa sababu hatuna fedha, na kwamba mazoezi marefu ni anasa ya Ulaya. Historia yetu wenyewe inakataa. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wafanyakazi wa mashambani na viwandani waliandaa mchezo wa Kigĩkũyũ wa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yao yalichukua miezi, na yalifanywa hadharani. Wanakijiji walikuja kutazama, wakasahihisha. Wazee walieleza kwamba mtu wa umri fulani hawezi kusema namna ile, kwamba akitaka heshima lazima atumie methali fulani. Jukwaa la wazi walilijenga wenyewe. Mchezo ulipoanza kuonyeshwa Oktoba mwaka huo, siku ambazo wafanyakazi walikuwa na nafasi, watu walisafiri kutoka mbali kuja kuutazama. Kufikia katikati ya Novemba serikali ilikuwa imeufutia kibali, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Tunapoisimulia habari hiyo huwa tunaukumbuka ukandamizaji, na ni haki tuukumbuke, lakini mimi kama mtazamaji hukumbuka pia kwamba watu waliokuwa na mishahara midogo kuliko wangu waliutayarisha mchezo kwa uvumilivu kiasi kwamba ukafaa kuogopwa.

Mchezo huo ulipokuja kuonyeshwa tena mwaka 2022 katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ, nililipa kiingilio kikubwa kuliko nilivyozoea na sikujuta. Ukumbi wenyewe, ulio mkabala na Hoteli ya Norfolk kwenye Barabara ya Harry Thuku, ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na kwa miaka mingi michezo ya Waafrika ilibisha hodi pale bila kufunguliwa kwa urahisi. Ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Kuusikia wimbo wa Gĩkũyũ ukiimbwa humo na waigizaji na watazamaji kwa pamoja, mama aliyeketi kando yangu akiitikia kila ubeti huku akipiga makofi, ni jambo ambalo katika safu ya daftari yenye kichwa "thamani" niliandika tu neno moja: imelipa.

Nataka nimzungumzie mama huyo kidogo. Kuna watazamaji wanaokerwa na jirani anayewajibu waigizaji, na wangependa ukumbi uwe kimya kama kanisa. Simu inayolia inanikera, na anayerekodi video kwa mwanga mkali ananizuia kuona. Lakini mtazamaji anayemwonya mhusika kwamba adui amejificha nyuma ya mlango, au anayesema "pole, mwanangu" mhusika anapofiwa, huyo ananiongezea thamani ya tiketi yangu. Tumelelewa na ngano, na msimuliaji wa ngano bila mwitikio hawezi kuendelea. Mwigizaji aliyefanya mazoezi anajua kuipokea sauti hiyo na kuisubiri ipite, ilhali yule asiyejiandaa hutetereka au huacha mchezo akaanza kuzungumza na ukumbi.

Lililobadilisha kabisa namna ninavyopiga hesabu zangu ni mazungumzo mafupi nje ya ukumbi mmoja mdogo, miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimenunua tiketi ya mapema kwa shilingi 500 badala ya 800, na nilijivunia kuokoa shilingi 300. Baada ya mchezo nilimpongeza kijana aliyeigiza askari, nikamuuliza wamefanya mazoezi kwa muda gani. "Majuma matano, mzee," akaniambia, "tungependa manane, lakini nauli imetushinda." Nilirudi nyumbani nikaikokotoa hesabu hiyo kwa makadirio yangu. Tuseme watazamaji themanini kwa kila onyesho, maonyesho matatu, shilingi 500 kila mmoja: shilingi 120,000. Tuseme nusu yake imelipia ukumbi, taa, mabango na vibali. Zimebaki shilingi 60,000 za kugawiwa waigizaji wanane, mwelekezi na msaidizi wa jukwaa. Kila mmoja anapata shilingi 6,000 kwa majuma matano, yaani 1,200 kwa juma, na kutoka humo ajilipie nauli ya kwenda mazoezini jioni nne au tano. Teksi zangu mbili za usiku zinazidi ujira wake wa juma zima.

Kwa hiyo mimi niliyekuwa nikilalamika kwamba maigizo ni ghali nililazimika kukubali kwamba bei ninayolipa mara nyingi haitoshi kununua kile ninachokitaka. Juma la sita la mazoezi lina gharama, na kama watazamaji hatuilipi, hakuna atakayeilipa. Tangu siku hiyo situmii tena tiketi ya mapema kwa vikundi vidogo. Hulipa bei kamili mlangoni. Lakini ninapolipa bei kamili, ninakuwa pia na haki ya kudai: pazia lifunguliwe kwa wakati uliotangazwa, fedha zielekezwe kwa waigizaji kabla ya mashine ya moshi, na mchezo uliofanikiwa urudishwe majuma mawili au matatu mfululizo, hata kama ni Jumapili peke yake, ili mazoezi yale yasipotee.

Limebaki suala la lugha, nalo linanigusa moyo. Mtu mzima wa Nairobi anayetaka kutazama mchezo wa Kiswahili Jumapili alasiri, mchezo ulioandaliwa kwa ajili yake na haujaandaliwa kwa ajili ya mtahiniwa, atatafuta kwa miezi. Vichekesho vyetu vya mjini ni vya Kiingereza kilichochanganywa na Sheng, na vingine vinachekesha kwelikweli. Michezo ya Kiswahili tumeiachia shule. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, nimeisoma mara tatu, na katika miaka tisa ya daftari hili sijaiona ikitangazwa mahali ninapoweza kufika kwa matatu. Kikundi kitakachoitayarisha kwa majuma manane na kuicheza kila Jumapili kwa mwezi mzima, mimi nitalipa shilingi 2,000, na nitakuja mara mbili. Najua si mimi peke yangu, kwa sababu kila ninapompeleka mpwa wangu kwenye michezo ya shule, huwaona wazazi waliokuja kusindikiza watoto wakiwa wameinamia mbele kwenye viti vyao, wamesahau simu zao.

Jumapili iliyopita niliandika ukurasa mpya. Kikundi cha vijana sita, mchezo wa Kiswahili walioutunga wenyewe kuhusu ndugu wanaogombania shamba la baba yao, ukumbi wa shule, viti vya plastiki. Kiingilio shilingi 500, matatu kwenda na kurudi 160, chai 50. Ulitangazwa saa tisa, ukaanza saa tisa na dakika nne. Yule binti aliyeigiza dada mkubwa alisoma hati ya shamba, akaikunja, akaketi juu yake, akawatazama kaka zake bila kusema kitu, nami nikahesabu hadi saba kabla yeyote jukwaani hajapumua. Nilipotoka niliwauliza watauonyesha tena lini. Wakaniambia Jumapili ijayo, na nyingine baada ya hiyo.